KABLA HUJALIPA ADA YA CHUO CHA MTANDAONI, ULIZA SANADI YAKE



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kuna swali linanijia mara kwa mara, msikitini na kwenye simu. "Sheikh, kuna chuo kikuu cha nje kinatangaza shahada mtandaoni. Unasomea nyumbani, unalipa kidogo kidogo, unamaliza. Je, nijiunge?" Wengine wanaongeza: "Chuo chenyewe ni cha biashara, kina wenyewe wanaotafuta faida. Je, ni halali?"

Nimechelewa kulijibu kwa sababu lilikuwa swali langu pia. Tangu mwanzo wa Rajab mpaka mwisho wa Shaaban nilikuwa nalipima jambo hili kwa ajili ya nafsi yangu. Sasa nimeamua, na nimeona niwaeleze njia niliyopita. Mwenye kufaidika afaidike, na mwenye elimu zaidi yangu asinyamaze, anirekebishe.

HALI YANGU ILIVYOKUWA

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa madrasa na kidato cha nne. Nimekaa mbele ya masheikh, nimesoma vitabu kwa ukurasa, nikapewa ruhusa ya kufundisha. Karatasi ya chuo kikuu sina. Pamoja na uimamu, nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari, vipindi sita kwa wiki. Mwaka huu mkuu wa shule alinieleza kwa adabu kabisa kwamba walimu wote wasio na cheti kinachotambulika watatazamwa upya mkataba ukiisha mwezi wa Desemba.

Ndani ya mwezi huohuo likanifikia tangazo la chuo kikuu cha mtandaoni kilichosajiliwa nje ya nchi, kinachotoa Shahada ya Masomo ya Kiislamu kwa miaka mitatu. Chuo hicho sikitaji jina, kwa sababu lengo langu si kumchafua mtu.

Fedha nilizokuwa nazo ni akiba ya Hijja, mimi na mama watoto. Miaka tisa tunaweka. Ndani yake mna kipato changu kidogo na faida ya cherehani yake. Bado haijatimia, kwa hiyo Hijja haijatulazimu, na kisheria tungeweza kuitumia kwa jambo jingine la halali. Lakini mjue kwamba nilikuwa napima shahada kwa mkono mmoja na safari ya Makka kwa mkono wa pili. Na safari yenyewe si yangu peke yangu.

JE, KULIPISHA ELIMU NI HARAMU?

Tuanze hapa, maana wengi wanakosea. Faida si haramu. Allah amehalalisha biashara na akaharamisha riba. Wanazuoni walihitilafiana kuhusu ujira wa kufundisha Qur'an, na wengi waliruhusu, wakitegemea miongoni mwa dalili kisa cha maswahaba waliomsomea mgonjwa Suratul Fatiha wakapewa kondoo, na Mtume (s.a.w.) akalikubali jambo hilo. Ikiwa hivyo kwa Qur'an, basi mtu kulipwa kwa kufundisha uhasibu au kompyuta ni wazi zaidi.

Ni kweli kwamba elimu yetu ililelewa zaidi na wakfu kuliko ada. Hapa pwani yetu, Riyadha ya Lamu aliyoiasisi Habib Swaleh ilikusanya wanafunzi kutoka mbali, na wengi wao hawakuwa na uwezo. Huo ndio ukarimu tunaoutamani. Lakini kukosekana ukarimu si uharamu. Anayeuza elimu kwa bei ya wazi na akatoa alichokiuza, hana dhambi.

JE, KUSOMA KWA MBALI NI ELIMU PUNGUFU?

Hili nalo tuliondoe. Wapo masheikh wanaosema elimu ya simu si elimu. Mimi sisemi hivyo. Wanazuoni wa Hadith walizihesabu njia za kupokea elimu, na miongoni mwake wakataja mukaataba: sheikh kumwandikia mwanafunzi aliye mbali, na mwanafunzi akapokea kwa barua ile. Waliikubali, lakini kwa sharti kwamba mpokeaji awe na uhakika barua ni ya sheikh yule kweli.

Na katika zama zetu, Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa, kwa masomo ya posta. Hapa Tanzania tuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kazi yake hasa ni kuwafundisha watu walipo. Kwa hiyo umbali hauna kosa. Kinachotakiwa ni kumjua mwandishi wa barua.

ULIZA SANADI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Sisi Waislamu tunajua cheti ni nini kuliko watu wengi. Ijaza ya sheikh haipati uzito kwa uzuri wa hati yake wala kwa muhuri wake. Uzito wake ni kwamba aliyeniruhusu mimi aliruhusiwa na fulani, na fulani aliruhusiwa na fulani, na kila mmoja wao anajulikana. Huo mlolongo ndio sanadi. Ukikatika mahali, au akiwemo mtu asiyejulikana, hata maneno yawe matamu vipi yanawekwa pembeni. Wanazuoni walitunga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi, na hawakumwonea mtu aibu.

Ithibati ya chuo kikuu ni sanadi ya namna hiyo. Chuo kinakupa shahada. Nani amekiruhusu kutoa shahada? Na huyo aliyekiruhusu, nani amempa mamlaka? Tanzania mlolongo unaishia kwa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Shahada ya nje nayo inapelekwa TCU ikapimwe kama inatambulika. Ndugu zetu wa Kenya wana Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na wa Uganda wana Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Walioko Oman na Ghuba, kila nchi ina wizara yake inayosawazisha vyeti vya nje.

Nilipofungua tovuti ya chuo kile nikaona nembo tano za taasisi zilizokipa ithibati. Kwa macho zinapendeza. Nikachukua jina moja moja na kulitafuta. Taasisi tatu hazikuwa na anwani yoyote, na zote tatu zilitaja vyuo vilevile viwili. Ya nne ilikuwa jumuiya ya kulipia uanachama, si msimamizi wa vyuo. Ya tano ilikuwa ni usajili wa kampuni tu. Ndugu yangu, kusajiliwa kama kampuni kunampa mtu ruhusa ya kufungua duka. Hakumpi mamlaka ya kutoa shahada.

Msidhani haya ni ya kufikirika. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, na ikaviundia mpaka taasisi bandia za kuvipa ithibati. Sanadi ya kutunga, kama walivyotunga wazushi wa Hadith. Na kwetu hapa, Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wale walitumia vyeti bandia, na mimi siwalinganishi na mtu aliyedanganywa. Nasema tu kwamba siku karatasi inapopimwa, haiulizi ulilipa kiasi gani.

MIZANI YA SOKO

Baada ya sanadi, ingia kwenye mkataba. Mtume wetu (s.a.w.) alituwekea adabu za soko, na zote nimeziona zinahitajika kwenye matangazo haya.

Kwanza, gharar. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ambayo mnunuzi hajui anachonunua. Wakala wa chuo kile alinipigia simu siku mbili baada ya mimi kuuliza. Kijana mwenye heshima, akanipa shikamoo, nikaitikia.

"Sheikh, ada ni dola 1,200 tu kwa mwaka."

"Kijana wangu, hiyo tu, mpaka nashika cheti mkononi?"

"Hiyo ndiyo ada, Sheikh."

"Sijauliza ada. Nimeuliza mpaka cheti."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kutaja. Usajili dola 150. Kila mtihani dola 40, na mitihani ni 24. Mahafali na kutumiwa cheti dola 350. Nikachukua kalamu: ada ya miaka mitatu 3,600, mitihani 960, usajili 150, mahafali 350. Jumla dola 5,060. Kwa bei niliyopewa duka la fedha, ni zaidi ya shilingi milioni 12. Tangazo lilikuwa la 1,200.

Pili, najash. Hii ni kupandisha bei au hamu ya watu kwa uongo, ili mnunuzi aharakishe. "Sheikh, zimebaki nafasi saba, na punguzo linaisha Ijumaa." Chuo cha mtandaoni hakina madawati ya kujaa. Ijumaa ikapita, na Jumatatu akanipigia tena kwa punguzo lilelile. Simhukumu moyo wake, huenda naye anasoma alichoandikiwa na wakubwa zake. Lakini wewe mnunuzi, ukiharakishwa, simama.

Tatu, kasoro iliyofichwa. Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) na rundo la chakula sokoni. Aliingiza mkono ndani akakuta unyevu, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akawakemea wenye kughushi. Basi na wewe ingiza mkono. Omba majina ya walimu na walikosoma. Omba kumwona mtu aliyemaliza, na cheti chake kilipokelewa wapi. Mimi nilipewa video tatu za watu wanaotabasamu.

Nne, riba. Kulipa kwa awamu si tatizo, hata kama bei ya awamu ni kubwa kuliko ya taslimu, maadamu mmekubaliana tangu mwanzo. Lakini katika fomu yao kulikuwa na kifungu kwamba anayechelewa ataongezewa asilimia 2 ya deni kila mwezi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1990, ililizungumza hili: nyongeza juu ya mdaiwa kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Wengi wanatia saini bila kusoma. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandikishana deni. Sasa mtu anaandikishaje asichokisoma?

Tano, sharti la kurudishiwa. Alikuwepo swahaba aliyekuwa akihadaiwa katika biashara, Mtume (s.a.w.) akamfundisha kuweka sharti la kutohadaiwa kila anaponunua. Uliza kwa maandishi: nikiacha baada ya mwezi mmoja, narudishiwa nini? Chuo kikifungwa, narudishiwa nini?

Na vyuo vinafungwa. Marekani, ambako vyuo vya biashara ni vingi, Corinthian Colleges ilifunga milango mwaka 2015 na ITT Technical Institute mwaka 2016, wakaachwa maelfu ya wanafunzi katikati ya masomo. Chuo Kikuu cha Phoenix, kimoja cha vikubwa zaidi katika vyuo hivyo, mwaka 2019 kilikubali suluhu ya dola milioni 191 na mamlaka ya biashara ya serikali kuhusu matangazo yaliyodaiwa kuwapotosha watu juu ya nafasi za ajira, bila kukiri kosa. Na Phoenix kilikuwa na ithibati halali. Maana yake sanadi ni sharti, lakini peke yake haitoshi. Baada ya sanadi unatazama na matini.

NIA

Kuna swali ambalo TCU haiwezi kukujibia. Unaitaka shahada kwa nini?

Mnaijua Hadith ya watu watatu wa kwanza kuhukumiwa Siku ya Kiyama, na miongoni mwao mtu aliyejifunza elimu ili aitwe mwanachuoni, na akaitwa. Hadith hii inatisha, na inatuhusu sisi wa mimbari kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikajikalisha chini nikaiuliza nafsi: unachotaka ni elimu, ni kazi, au ni jina? Kazi ni nia halali, mtu analisha familia. Elimu ni nia tukufu. Jina ni moto. Na chuo kinachokuuzia jina kwa haraka kinajua udhaifu wa nafsi hiyo.

Mama watoto aliufupisha mjadala kuliko mimi. Nilipomweleza yote, aliniuliza, "Baba, hiyo karatasi ukiipeleka pale shuleni, wataipokea?" Siku ya pili nikaenda kumuuliza mkuu wa shule. Akanijibu wazi kwamba cheti kisichopita TCU hawezi kukipokea, hata kama mwenyewe ananiheshimu.

ISTIKHARA NA UAMUZI

Istikhara wengi wanaifanya kama kupiga ramli. Wanaswali rakaa mbili, wanalala, wanasubiri ndoto. Istikhara aliyotufundisha Mtume (s.a.w.) ni dua kwa mtu aliyekusudia jambo: ukichunguza, ukashauriana, ukakusudia, unamkabidhi Allah, unaendelea. Likiwa na kheri litafunguka, likiwa na shari litaondoka. Haichukui nafasi ya kusoma mkataba.

Niliswali, na sikujiunga. Akiba ya Hijja ipo pale pale, na mama watoto ameongeza ya mwezi huu.

Uamuzi huu una gharama. Desemba haiko mbali. Nimeanza kufuatilia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria kwa watu wasiokuwa na sifa za kuingia moja kwa moja. Hata nikikubaliwa, sitakuwa na karatasi yoyote mkononi mkataba ukiisha. Huenda vipindi vile sita vikaenda kwa kijana mwenye shahada. Ikiwa hivyo, namuombea awafundishe vizuri watoto wetu. Rizki iko kwa Ar-Razzaaq, na hatukuamrishwa kuitafuta kwa mlango wowote, tumeamrishwa kuitafuta kwa mlango wa halali.

Wala msitoke hapa mkasema, "Sheikh amekataza vyuo vya mtandaoni." Mpwa wangu yuko Muscat, ni karani wa mahesabu. Yeye alijiunga na chuo cha mtandaoni, nacho ni cha biashara. Lakini kabla ya kulipa alihakikisha kinatambuliwa na msimamizi wa vyuo wa nchi kilikotoka, akaiuliza wizara ya elimu ya juu ya Oman, na akapata barua ya mwajiri wake kwamba shahada ile itahesabiwa. Nilipomuuliza jumla ya gharama mpaka cheti, alinitajia papo hapo. Nikamwambia, "Bismillah, soma." Swali ni moja, yeye jibu lake ni ndiyo na mimi jibu langu ni hapana, kwa sababu mizani imesoma tofauti.

MUHTASARI

Kabla hujalipa hata shilingi moja:

1. Nani amekiruhusu chuo hiki kutoa shahada, na mamlaka ya nchi yangu yanamtambua?
2. Mwajiri wangu ataipokea? Apate kuandika, si kusema tu.
3. Gharama yote mpaka cheti mkononi ni kiasi gani?
4. Kuna nyongeza ya kuchelewa, yaani riba?
5. Nikiacha, au wakifunga, narudishiwa nini?
6. Fedha hizi zina haki ya nani mwingine ndani yake, na nimemuuliza?
7. Nia yangu ni ipi?

Ukishindwa kupata jibu la moja katika matano ya mwanzo, subiri. Kusubiri mwaka mmoja ni hasara ndogo kuliko miaka mitatu na karatasi isiyo na mwenyewe.

Na nyinyi wenye uwezo, niwaachie neno. Vijana wetu wanawafuata wauzaji hawa kwa sababu wana kiu ya elimu na milango ya karibu wanaiona imefungwa. Ukimlipia kijana mmoja ada katika chuo kinachotambulika, umefanya sadaka inayoendelea. Hayo ndiyo waliyofanya waliotutangulia.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, utukinge na elimu isiyonufaisha, na nafsi isiyotosheka. Wafungulie vijana wetu milango ya halali, na uturuzuku kuizuru Nyumba Yako tukiwa na afya. Aamin.

Mtumie ujumbe huu ndugu yako anayetaka kujiunga. Huenda amebakiza siku moja kulipa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.